Kanisa Lisilo na Nyumba: Wabaptisti wa Africville

Upande wa mashariki wa nchi ya Kanada liko jimbo liitwalo Nova Scotia. Bahari ya Atlantiki imelizunguka karibu pande zote, hata mtu akitazama ramani ataliona kama kisiwa kilichoshikwa na bara kwa shingo nyembamba. Mji wake mkuu ni Halifax, mji wa bandari, wa mabaharia na wa askari. Bandari hiyo ina umbo la ajabu kidogo. Meli ikisha kuingia kutoka baharini hupita mahali pembamba, kisha maji hupanuka tena yakawa ghuba kubwa iliyofichika nyuma ya mji, nayo huitwa Bedford Basin. Katika vita kuu mbili za dunia meli nyingi zilikusanyika ndani ya ghuba hiyo, zikingoja kuvuka bahari pamoja kwenda Ulaya.

Msafiri akiondoka katikati ya mji akaelekea kaskazini, mwisho wa safari yake atafika ukingoni mwa maji hayo. Hapo ataona kiwanja cha nyasi kinachoteremka taratibu mpaka pwani. Karibu yake limepita daraja kubwa la MacKay, lililofunguliwa mwaka wa 1970, na ngurumo za magari hazikomi mchana wala usiku. Reli nayo iko karibu, pamoja na gati la kupakia makasha ya shehena. Katikati ya mambo hayo yote limesimama kanisa dogo la mbao, peke yake. Mgeni atalitazama na kujiuliza maswali. Nyumba za washiriki ziko wapi? Ni nani wanaotoka asubuhi ya Jumapili, na wanatoka wapi, kuja kusali mahali hapa ambapo hapana mlango hata mmoja wa jirani?

Mahali hapo ndipo Africville. Kwa muda wa miaka zaidi ya 100 kilikuwapo kijiji cha watu weusi, wenye asili ya Afrika, na karibu wote walikuwa wa ushirika wa Kibaptisti. Kijiji hakipo tena. Hata kanisa hili si lile lililojengwa na wazee wao. Limejengwa mwaka wa 2011 kwa kuufuata mfano wa lile la zamani. Lakini watu wa Africville wapo, na wanajuana kwa majina na kwa koo zao. Habari za jinsi walivyopoteza ardhi yao na wasipotezane wao kwa wao zafaa kusomwa na kila mtu mwenye shamba, mwenye jamaa na mwenye dini.

WALIKOTOKA

Watu weusi wa Nova Scotia hawakuja wote kwa mara moja. Baada ya vita vya uhuru wa Marekani kumalizika mwaka wa 1783, Waingereza walihamisha watu weusi kama 3,000 na kuwaleta Nova Scotia. Wengi wao walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao kwa sababu Waingereza waliwaahidi uhuru. Katika hao alikuwamo mhubiri mmoja jina lake David George. Alizaliwa mtumwa katika Virginia, akaongoka huko Silver Bluff, South Carolina, katika kanisa ambalo ni miongoni mwa makanisa ya kwanza ya Wabaptisti weusi katika Marekani yote. Alipofika mji wa Shelburne, Nova Scotia, akaanza kuhubiri na kubatiza. Mwaka wa 1784 askari wazungu waliokuwa wameachishwa kazi walifanya ghasia, wakabomoa nyumba za watu weusi, na David George mwenyewe akapigwa na kufukuzwa. Hata hivyo hakuacha kuhubiri.

Ardhi waliyoahidiwa haikuonekana, na waliopewa walipata kidogo, tena ya mawe. Kwa hiyo, mwezi wa Januari 1792, watu kama 1,200 waliondoka Halifax kwa meli 15, wakarudi Afrika, katika nchi ya Sierra Leone, wakaujenga mji wa Freetown. David George alikwenda nao pamoja na wengi wa ushirika wake, akaanzisha huko kanisa la Kibaptisti. Basi tangu mwanzo Wabaptisti hawa walijua jambo moja: kwamba kanisa laweza kuingia melini na kushuka upande wa pili wa bahari likiwa lile lile, maadamu watu wake hawakutengana.

Waliobaki Nova Scotia waliongezeka tena. Kati ya mwaka wa 1813 na 1816 wakaja wakimbizi wengine kama 2,000, waliotoroka utumwa wakati wa vita vya pili baina ya Uingereza na Marekani. Serikali iliwapa makao katika mahali kama Preston na Hammonds Plains, nje ya mji wa Halifax. Viwanja vyao vilikuwa vidogo, udongo haba na mawe mengi, na majira ya baridi ni marefu. Tena hawakupewa hati za kumiliki, bali ruhusa tu ya kukaa. Msomaji na aliweke neno hilo moyoni, kwa maana litarudi.

Mmoja katika watu wa siku zile ni Richard Preston. Huyu naye alitoka utumwani Virginia, akafika Nova Scotia kama mwaka wa 1816, akimtafuta mama yake. Husimuliwa mpaka leo kwamba alimkuta katika kijiji cha Preston, na kwamba yule mama alimtambua mwanawe kwa kovu alilokuwa nalo usoni. Wabaptisti weusi wa Halifax walipoona kwamba ana kipawa cha kuhubiri, wakamtuma Uingereza. Huko London alibarikiwa kuwa kasisi mwaka wa 1832, na mwaka huo huo aliporudi wakaanzisha kanisa lao la Kiafrika la Kibaptisti katika Halifax. Mwaka wa 1854 akayaunganisha makanisa ya watu weusi yaliyotawanyika katika jimbo zima yawe chama kimoja, kiitwacho African Baptist Association. Mtu aliyevuka nchi kumtafuta mama yake ndiye aliyewafundisha watu wake kutafutana, na chama hicho kipo hata leo.

USHIRIKA WAO

Yafaa tueleze kidogo desturi za Wabaptisti kwa ajili ya wale wasiozijua. Hawabatizi watoto wachanga. Mtu hubatizwa akisha kuwa na akili zake na kuikiri imani yake mwenyewe mbele ya watu, naye huzamishwa mwili mzima katika maji. Tena kila kanisa hujitawala. Hakuna askofu aliye juu yake. Washiriki wenyewe hukutana, husemezana, humwita mchungaji na kuchagua mashemasi. Makanisa yakiungana katika chama, huungana kwa hiari, kama ndugu waliokwisha kujenga kila mmoja nyumba yake.

Kwa watu ambao mji haukuwauliza neno lo lote, desturi hii ilikuwa jambo kubwa. Mtu aliyekuwa mchukuzi wa mizigo siku sita, akiamrishwa na kila mtu, siku ya saba alikuwa shemasi, na maneno yake yalisikilizwa. Kanisa lilikuwa mahali pa sala, na pia lilikuwa baraza la wazee, shule ya uongozi, na mahali pa kuandikia kumbukumbu za jamaa.

Hati za kwanza za ununuzi wa ardhi mahali palipokuja kuitwa Africville ni za mwaka wa 1848. Walionunua ni wanaume wawili, William Brown na William Arnold. Mwaka uliofuata, yaani 1849, kanisa likaanzishwa. Tazama jinsi mambo mawili haya yalivyofuatana: kwanza kiwanja, mara kanisa. Hapo mwanzo kijiji kiliitwa kwa jina la barabara yake, Campbell Road, na jina la Africville likaja baadaye. Kanisa nalo likapata jina la Seaview, kwa sababu lilitazama maji. Shule ilifunguliwa mwaka wa 1883.

Jamaa za Brown, Carvery, Dixon, Howe, Mantley na nyinginezo zilikaa hapo kizazi baada ya kizazi. Wanaume walifanya kazi bandarini, katika reli na katika ujenzi wa mawe; wanawake wengi walifanya kazi katika nyumba za watu mjini. Walivua samaki katika ghuba, walifuga kuku na nguruwe, na wakati wa kiangazi watoto walichuma matunda ya porini. Kijana akioa alijenga nyumba karibu na ya baba yake, na kwa hiyo majirani walikuwa ndugu na ndugu walikuwa majirani. Mtoto aliyefanya utundu mbali na kwao alirudiwa na mama wa nyumba iliyo karibu, na habari ilifika nyumbani kabla yake.

Siku zilizopendwa kuliko zote zilikuwa siku za ubatizo na Pasaka. Kanisa halikuhitaji birika, kwa sababu ghuba ilikuwa pale chini. Wabatizwa walivaa kanzu nyeupe, wakateremka kwa maandamano kutoka kanisani mpaka pwani, watu wakiimba nyuma yao, na mchungaji akaingia majini nao mmoja mmoja. Asubuhi ya Pasaka watu walikusanyika kanisani kabla ya mapambazuko, wakaimba mpaka jua likachomoza. Wageni kutoka mjini, hata wazungu, walikuja kutazama na kusikiliza. Mara nyingi kanisa halikuwa na mchungaji wa kukaa hapo daima. Alikuja kutoka kwingine kwa zamu, na katikati ya zamu hizo mashemasi na akina mama ndio waliolishika.

Na tukitaja akina mama hatuwezi kuuacha mwaka wa 1917. Mwaka huo chama cha makanisa yote kilipokutana katika East Preston, wanawake walikwenda wakakusanyika nje karibu na kisima, wakafanya mkutano wao wenyewe, wakaanzisha umoja wa wanawake wa kuchanga fedha na kusaidia kazi za chama. Hata leo Wabaptisti wa huko huwakumbuka kwa jina la wanawake wa kisimani.

Kijiji hicho kilitoa watu waliojulikana mbali. George Dixon, aliyezaliwa Africville mwaka wa 1870, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa ndondi wa dunia. Na Bibi Portia White, binti wa mchungaji wa kanisa la Cornwallis Street mjini Halifax, alifundisha shule katika Africville kabla ya sauti yake ya kuimba kumpeleka New York, ambako aliimba katika ukumbi wa Town Hall mwaka wa 1944.

MAJIRANI WASIOTAKIWA

Lakini mji wa Halifax ulikitazama kijiji hiki kwa jicho jingine. Kila kitu ambacho watu wa mjini hawakupenda kukaa nacho kilipelekwa upande ule. Katika miaka ya 1850 reli ilipitishwa katikati ya kijiji, na nyumba zikabaki huku na huku. Gereza likajengwa karibu. Baadaye ikaja hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na mahali pa kumwaga uchafu wa vyoo vya mji, na machinjio. Katika miaka ya 1950 jaa la takataka la mji wote likaletwa karibu kabisa na nyumba za watu.

Watu wa Africville walilipa kodi kama raia wengine. Waliandika barua nyingi wakiomba mabomba ya maji, taa za barabarani, na barabara yenye lami. Hawakupata. Walichota maji visimani, na kwa kuwa visima vilichafuka, palibandikwa tangazo la kuwaambia watu wachemshe maji kabla ya kunywa. Shule yao ikafungwa mwaka wa 1953, na watoto wakapelekwa shule za mjini.

Kisha baada ya miaka hiyo yote, mji uliokataa kuleta maji ukasema kwamba kijiji ni kichafu na hakifai kukaliwa na watu. Mtu akimnyima jirani yake jembe, kisha akamcheka kwamba shamba lake lina magugu, tutasemaje juu yake?

MALI BILA DAFTARI

Mwaka wa 1962 habari zilienea kwamba mji unataka kukiondoa kijiji chote. Watu kama 100 walikutana katika kanisa lao la Seaview kuzungumza jambo hilo, na wengi walisema wanataka kubaki na kutengenezewa mahali pao. Lakini mwezi wa Januari 1964 baraza la mji lilikata shauri kuwahamisha, nao walikuwa watu kama 400 wa jamaa 80 hivi.

Sasa lile neno tuliloliweka moyoni linarudi. Wazee wa kwanza walinunua kwa hati. Lakini baba alipokufa aliwaachia wanawe kwa kinywa, mbele ya mashahidi wa jamaa na wa kanisa. Mwana naye akamkatia ndugu yake kipande cha kujenga, na hakuna aliyekwenda kwa mwanasheria. Kila mtu kijijini alijua mpaka wa kila mtu. Ushahidi huo ulitosha kabisa baina ya watu waaminifu waliobatizwa katika maji yale yale, bali haukutosha mbele ya maofisa wa mji. Wachache tu ndio walioweza kuonyesha hati zinazokubaliwa na sheria. Wengi wa wale wasioweza walipewa dola 500 tu, na nyumba waliyozaliwa ikahesabiwa kama si yao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Africville mali haikupotea bila habari, kwa kuwa watu walipiga kelele, lakini ilipotea. Na wala tusiwalaumu wale wazee kama kwamba walikuwa wajinga. Walitoka katika watu waliopewa ruhusa ya kukaa na kunyimwa hati, nao hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba ofisi zitawatendea vema wakizigongea mlango.

Jamaa baada ya jamaa waliondolewa. Jambo ambalo wengi hawakuweza kulisahau ni kwamba vyombo vya baadhi yao vilichukuliwa kwa magari ya takataka ya mji. Fikiri mama wa kanisa, mtu wa heshima, akiona kitanda chake na meza yake vikishushwa katika gari la taka mbele ya majirani wapya ambao hawamjui. Wengine waliingia katika nyumba za kupanga za serikali, kama zile za Uniacke Square. Mtu aliyekuwa na nyumba isiyodaiwa sasa alidaiwa kodi kila mwezi. Na mtu aliyeishi baina ya ndugu zake sasa aliishi baina ya kuta nyembamba na wasiomjua.

USIKU WA NOVEMBA

Kanisa nalo halikusalimika. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba 1967 tingatinga lilikuja likalibomoa. Mchana ule kanisa lilikuwa limesimama. Kulipopambazuka lilikuwa rundo la mbao.

Watu waliohojiwa baadaye, miaka mingi ikiwa imepita, walisema kwamba siku hiyo ndipo walipojua kwamba kijiji kimekufa. Wapo waliokuwa wameshikilia kukaa kwa sababu kanisa lilikuwapo. Kengele iliponyamaza, na mahali pa kukutania pakawa hapapo, mkono wa kila mmoja ukalegea. Mkaaji wa mwisho, mzee mmoja wa jamaa ya Carvery, aliondoka mwezi wa Januari 1970. Tangu hapo ikawa kimya, isipokuwa magari juu ya daraja jipya.

Kama ushirika ungekuwa ni jengo, habari zetu zingekoma hapa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Washiriki wa Seaview walikwenda wakaketi katika viti vya makanisa mengine ya chama kile kile alichokiunganisha Preston, hasa lile la Cornwallis Street ambalo yeye mwenyewe alilianzisha. Hapo walikutana kila Jumapili, wakaulizana habari za watoto, wakazikana, wakaoana. Kanisa hilo mwaka wa 2018 lilibadili jina likaitwa New Horizons Baptist Church, kwa kuwa Cornwallis alikuwa liwali aliyetoa fedha ili Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa nchi ile, wauawe. Na watu waliodhulumiwa hawakuona vema kumwabudu Mungu chini ya jina la mdhalimu wa wengine.

KUSANYIKO LA JULAI

Mwaka wa 1983 wanawake watatu waliokulia Africville, Deborah Dixon-Jones, Linda Mantley na Brenda Steed-Ross, waliona kwamba watoto wanakua bila kujua walikotoka. Wakaanzisha chama cha kuhifadhi koo na ukoo wa watu wa Africville, na tangu wakati huo watu hukusanyika kila mwaka mwezi wa Julai katika kiwanja kile kile, ambacho mwaka wa 1985 mji ulikuwa umekifanya bustani ya watu wote na kukiita Seaview.

Kusanyiko hilo ni jambo la kupendeza. Watu huja kutoka Halifax, kutoka Montreal na Toronto, na hata kutoka Marekani. Huja na mahema na magari ya kulala, na wako ambao hupiga hema palepale ilipokuwa nyumba ya jamaa yao, wakamwonyesha mjukuu: hapa palikuwa mlango, hapa palikuwa kisima. Hupika, hucheza, husimulia, husutana kidogo kama ilivyo desturi ya ndugu waliokosana muda mrefu. Na siku ya Jumapili husali pamoja kwenye uwanja. Jiwe la kumbukumbu lenye majina ya jamaa za kwanza limesimama hapo, na watoto hulisoma kwa vidole.

Nguvu ya madai yao ilitoka katika kukutana huko. Watu waliotawanyika hawana wa kuwasemea. Watu wanaokutana kila mwaka wana orodha, wana wasemaji, na wana kumbukumbu. Mwaka wa 1996 serikali ya Kanada ilitangaza Africville kuwa mahali pa historia ya taifa. Tarehe 24 Februari 2010 meya wa Halifax, Peter Kelly, aliomba msamaha hadharani kwa niaba ya mji wote. Mji ukatoa dola milioni 3 na kipande cha ardhi, ekari mbili na nusu, ili kanisa lijengwe upya. Mwaka wa 2011 bustani ikarudishiwa jina lake la Africville, na kanisa la mfano likasimama. Ndani yake sasa mna nyumba ya makumbusho, ambamo mgeni husomewa habari na kuonyeshwa picha za jamaa. Mwaka wa 2024 shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNESCO likaliingiza jina la Africville katika orodha ya mahali pa kumbukumbu ya utumwa, la kwanza katika Kanada.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mambo yote yamekwisha. Katika mapatano ya mwaka wa 2010 hakuna mtu aliyelipwa fidia yake binafsi kwa ajili ya nyumba au kiwanja chake. Wapo wazee waliosema kwamba msamaha bila malipo ni nusu ya msamaha, na wapo waliosema kwamba afadhali kanisa lirudi kuliko kungoja kila kitu na kukosa vyote. Waliobishana hivyo walikuwa watu wa jamaa moja na wa imani moja, na ubishi huo haujakwisha. Lakini hata wanaobishana, Julai ikifika hukaa katika kiwanja kimoja.

YALIYO YETU KUYACHUKUA

Kwa nini tumwandikie habari hizi mkulima aliye mbali na Halifax, au karani ambaye hataiona Bedford Basin maisha yake yote? Kwa sababu mambo mawili yaliyowapata wale watu yaweza kumpata mtu ye yote.

La kwanza ni kwamba kuaminiana hakuzuii kuandika. Ndugu wawili wanaopendana wakiandikishana mpaka wa shamba hawakupungukiwa na upendo. Wamewalinda watoto wao na mtu wa tatu atakayekuja bila kujua upendo wao. Shemasi au mzee wa kanisa anayetunza vema vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi anafanya kazi ya Mungu, na pia anaweka ushahidi ambao huenda siku moja ukahitajiwa barazani. Wazee wa Africville waliwaachia wana wao imani, nyimbo na jina jema, lakini hati hawakuwa nazo za kuwaachia, na pengo hilo liliwagharimu kijiji kizima.

La pili ni kwamba karatasi peke yake nayo haitoshi. Zimekuwako jamaa zenye hati safi na fedha benki, ambazo baada ya mzee kufa hazikukutana tena hata mara moja. Watu wa Africville walinyang'anywa nyumba, shule, pwani ya kubatizia na kanisa, wakabakiwa na kitu kimoja tu: walikuwa wamezoea kukutana. Walizoezwa na kanisa ambalo kila mtu alikuwa na kiti chake, hata asipokuwapo Jumapili moja aliulizwa. Mazoea hayo ndiyo yaliyowarudisha katika uwanja wa nyasi mwaka wa 1983 bila mwito wa serikali wala ahadi ya fedha, na ndiyo yaliyomfanya meya asimame miaka 27 baadaye akaombe msamaha.

Kanisa dogo lile bado halina nyumba za kulizunguka, na upepo wa ghuba hulipiga pande zote. Kwa siku nyingi za mwaka wageni huingia, wakasoma, wakatoka. Lakini mwezi wa Julai milango yake hufunguliwa kwa wenyewe, na kiwanja hujaa mahema toka barabarani mpaka majini.